Kidole cha Sharifa

Kunegunda Gama hakuwahi kumpima mgonjwa bila kumwomba kwanza aonyeshe mwenyewe panapouma. Desturi hiyo aliirithi kwa bibi yake, aliyekuwa akikanda matumbo ya wanawake huko Msamala, Songea, enzi ambapo Msamala ilikuwa bado mashamba. "Mwili ni wako, mama," alikuwa akisema. "Mimi mgeni tu. Nipeleke." Kidole kilikotua, ndiko alikoweka kipimo cha ultrasaundi. Watu wa Tunduru walifika hospitali ya misheni alikofanya kazi na vumbi la safari kwenye nyusi, wakamuulizia kwa jina.

Mwaka 1999, mtaa wa Majengo ulipokuwa ukifungua maduka mapya kila kona, hospitali nayo ilipata kompyuta. Ililetwa na utafiti wa dawa ya saratani ya tezi za limfu. Majibu ya picha hayakuwa tena maelezo ya kujiandikia. Programu iliuliza swali baada ya swali: uvimbe upi, uko wapi, sentimita ngapi. Kunegunda aliizoea upesi, ila aliendelea kuandika kwanza kwenye karatasi, kisha kuingiza.

Sharifa wa kijiji cha Namasakata alikuwa katika utafiti huo. Uvimbe tumboni ukipungua, angeendelea na dawa. Ukikua, angeondolewa, na Songea haikuwa na dawa nyingine ya kumpa. Safari ya kwanza alionyesha chini ya mbavu za kushoto. Kunegunda akapima sentimita tatu. Safari ya pili kidole kilikwenda karibu na kitovu, na hapo akapata tano. Daktari Romanus, msimamizi wa utafiti, alisoma karatasi na kumweleza Bakili, mume wa Sharifa, kwamba dawa imeshindwa. Bakili alikwenda stendi kukata tiketi za kurudi. 

Mchana ule Kunegunda alipoingiza majibu, programu ilikataa kuyapokea. Uvimbe namba moja ulikuwa kushoto. Huu wa kitovuni ulitoka wapi? Alijaribu tena, ikakataa tena. Akalinganisha karatasi zake mbili mbele ya kioo cha kompyuta, mvua ikipiga bati, mpaka alipoelewa. Alikuwa amefuata kidole, na maumivu huhama.

Alimrudisha Sharifa kitandani. Uvimbe wa kushoto sasa ulikuwa sentimita moja. Akatoa picha za safari ya kwanza: ule wa kitovuni ulikuwapo tangu mwanzo, pembeni mwa picha, na siku ile ulikuwa sentimita saba, si tano za leo. Zaidi ya uvimbe wa sehemu hizo mbili hakukuwa na mwingine.

Akamfuata Romanus, akamweleza kosa lake bila kulipunguza.

"Kwa hiyo umebishana na kompyuta ukashindwa," Romanus alisema.

"Nimeshindwa, daktari, na leo nitalala vizuri."

Bakili alirudi ameloa, tiketi mkononi. Kunegunda alimsubiri mlangoni.

"Zirudishe, kaka Bakili. Uvimbe unapungua. Mkeo anaendelea na dawa."

"Alhamdulillahi," alisema Bakili, akakaa kwenye benchi kama aliyetua gunia la korosho.

Tangu hapo Kunegunda alipima kwanza zile sehemu ambazo programu ilizikumbuka, na kidole kikasubiri zamu yake. Hakukiacha. Sharifa aliporudi safari ya tatu, vipimo vilipokwisha, alimwambia, "Haya, mama, sasa nipeleke."

Sharifa alizungusha kidole juu ya tumbo, kushoto, kitovuni, akarudi kushoto. Akacheka taratibu. Hakupata pa kuonyesha.