Tulivyomlilia Mama Profesa

Habari ilinikuta darasani, chaki mkononi. Simu ilitetemeka juu ya meza, nikaiacha, maana siku hiyo nilikuwa nafundisha namna ya kupima bateri, na wanafunzi wangu wakipotea kidogo tu hawarudi tena. Ikatetemeka mara nyingine. Nikaisoma. Mwalimu mwenzetu wa ng'ambo alikuwa ameandika, kwa Kifaransa chake kilichonyooka, kwamba Profesa amefariki asubuhi hospitalini, kwamba ugonjwa ulikuwa umeenea mwilini, na kwamba yeye mwenyewe hakutaka tuambiwe mapema. Nilikaa chini mbele ya wanafunzi.

Sifichi, kilichonipanda kwanza ni hasira. Hakutaka tuambiwe! Sisi ni nani basi, wapita njia? Mimi mdomo wangu haulali, mji mzima wa Kasongo unajua, na siku hiyo nilimgombeza marehemu kwa sauti kutoka chuoni mpaka nyumbani. Nilipita sokoni watu wakinipisha.

Mama Profesa, ndivyo tulivyomwita. Chuo chetu cha ufundi na chuo kikuu chao vilikuwa vikifundisha somo moja kwa pamoja, somo la kura ya jua. Kura kwetu ni ile wengine wanaita umeme. Ukimwambia mzee wa Kabambare neno umeme atatazama mawingu kwanza. Kila juma tulikutana kwa video, kwenye kioo kikubwa cha sale yetu, ukumbi wa chuo, wao kule wamevaa masweta, sisi huku tunajipepea kwa madaftari. Na kila kiangazi alikuja mwenyewe na wanafunzi wake, tukapanda pikipiki pamoja mpaka kijiji cha Wamaza, kwenye materniti ambako yaya wangu, dada yangu mkubwa, ni mkunga. Pale ndipo tulipofunga pano zetu za kwanza, zile paneli za jua, juu ya bati.

Utafiti wake ulikuwa huo: bateri zinakufa upesi kwenye joto na unyevu wa kwetu, na yeye alitaka kujua zifanyiwe nini ziishi. Alisema vitabu vya kwao viliandikwa na watu ambao bateri zao zinalala kwenye baridi. Wanafunzi wake waliogopa ngazi yetu ya miti, wa kwetu waliogopa hesabu zao. Akawapanga wawili wawili, mmoja wa kule na mmoja wa huku, akasema hakuna kula mpaka taa iwake. Walimnung'unikia kwa lugha zote.

Alilala kwa yaya. Kiswahili chake kilitoka kwenye vitabu, na akiwa na kiu alisema, "Naomba nipatiwe maji ya kunywa, tafadhali." Yaya alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama Profesa, weye unaomba mayi kama mutu anaomba uchumba! Sema tu: nipe mayi."

Kiangazi cha pili, yeye akiwa pale, mama yetu mzazi akafa. Pano zilikuwa nusu juu ya bati, nyaya zimetandazwa uani. Wanafunzi wake wakamwambia kazi itachelewa. Aliteremka ngazi, akaosha mikono, akaja kuketi nasi kwenye mkeka.

Kwetu mwanamke akija kwenye msiba hasalimii. Anaanza kulia tangu njiani, kwa sauti, ili wenye msiba wasikie kwamba mtu anakuja. Ndani ya kilio anamwita marehemu, anamkumbusha alimpa nini, anamuuliza sasa nani atampa. Ukiingia kimya watu wanakutazama vibaya. Yeye siku ya kwanza aliingia kimya, yaya akamweleza mambo yalivyo. Siku ya pili tukasikia kilio kinatoka upande wa materniti. Mungu wangu, kilio gani kile! Sauti kama mbuzi aliyesahauliwa mvuani, na maneno yote ya kitabuni: "Ewe mama uliyenipatia mihogo, kwa nini umeondoka?" Watu walicheka katikati ya matanga. Yaya alicheka, mimi nilicheka na machozi yananitoka. Yeye hakuacha. Alifika mpaka mkekani akilia, na mwishowe ikawa kweli, mwili mzima unatetemeka, tukamshika. Tangu siku hiyo yaya hakumwita tena mgeni.

"Amemulilia mama yetu," alisema. "Kwisha. Iko mutu wa hapa."

Sasa ilinibidi nimwambie yaya. Rezo ya Wamaza, yaani mtandao wa simu, hukamatika mahali pamoja tu, karibu na kanisa, kwa hiyo nilituma ujumbe nikangoja anipigie. Jioni akapiga. Nilipomwambia hakulia. Aliuliza:

"Mama yake iko muzima?"

"Iko. Lakini ni muzee sana."

"Na nani ataenda kulia mbele yake?"

Nikamwambia hakuna wa kwenda, safari ni ya ndege, viza, mambo marefu. Akanikata. "Yeye alimulilia mama yetu mbele ya macho yetu. Huyu mama atajua namna gani kwamba mutoto wake alikuwa na watu?" Nikamwambia kutakuwa na ibada, na watafungua kioo ili sisi tuone. "Wao watatuona pia?" Watatuona. "Basi nakuja," akasema, na rezo ikakatika.

Alikuja na wanawake wawili wa materniti, siku nzima ya pikipiki ndani ya mvua, wakisukuma kwenye matope zaidi kuliko walivyopanda. Walifika na vitambaa vyao vya msiba vimekaukiwa na udongo. Nikawapa maji ya moto na sombe ya majani ya mihogo, halafu nikamsomea yaya jinsi ibada itakavyokwenda, maana mwenzetu wa ng'ambo alikuwa ameshaniandikia: nyimbo, maneno ya mkuu wa chuo, kisha dakika moja ya kimya.

"Kimya?"

"Kimya. Wote wanasimama, hakuna mutu anasema kitu."

"Amewakosea nini?"

Nilijua anachosema. Kwetu anayezikwa kimya ni mtu aliyeogopwa, ambaye watu wanafurahi ameondoka. Nikajaribu kumweleza kwamba kwao ni heshima. Alinitazama kana kwamba namuuzia samaki wa juzi. "Sawa. Wao wakae na heshima yao, sisi tutamupa ya kwetu. Yule mama ni mama. Atasikia." Ningemzuia kwa lipi? Mimi ndiye asistanti wa somo lile, ninajua adabu ya kile kioo, na mimi pia nilitaka kulia.

Siku yenyewe sale ilijaa. Kwenye kioo tuliona ukumbi wa mbao, maua meupe, watu wamevaa nguo nyeusi. Mbele kabisa, karibu na kamera, alikaa mama mzee kwenye kiti cha magurudumu, blanketi juu ya magoti.

"Ni yule?" yaya akaninong'oneza.

"Ni yule."

"Macho ni ya mutoto wake kabisa."

Walisema maneno mazuri, nikawa nawageuzia kwa Kiswahili polepole. Kisha wote wakasimama wakainamisha vichwa. Na yaya naye akasimama, akafungua sauti.

Nimesikia vilio vingi, lakini kile kilinichoma. Alimwita. Alimwambia, Mama Profesa, weye uliyepanda juu ya bati na kiwiko kinatoka damu, weye uliyeanguka ndani ya mto Luama ukaokoa mashine ya kupimia ukasahau viatu, sasa wanawake wa Wamaza wakizaa nani atauliza kama taa iliwaka? Wenzake wakadakia. Wanafunzi wangu wa kiume, wale wanaojifanya wagumu, wakaanza kufuta nyuso kwa mikono.

Ndipo nilipoiona. Kwenye pembe ya picha yetu kulikuwa na alama ndogo nyekundu ya maikrofoni iliyopigwa mstari. Mtu kule alikuwa ametufunga sauti. Nikabonyeza kuifungua, mashine ikajibu kwamba ni mwenye mkutano tu anayeweza. Nikabonyeza tena na tena, kama mjinga. Nyuma yangu yaya alikuwa anaendelea kumweleza yule mama jinsi mtoto wake alivyopenda sombe yenye pilipili. Utamwambiaje mtu aliye katikati ya kilio kwamba hasikiki? Sikugeuka.

Vichwa vyote vya kule vilikuwa vimeinama isipokuwa kimoja. Yule mama alikuwa anatutazama. Aliona vinywa vimefunguka, aliona machozi, aliona mikono juu ya vichwa. Akanyoosha kidole kwenye kioo, akamwambia kitu mwanamume aliyesimama kando yake. Yule akainama, akaweka kidole mdomoni. Mama akatutazama tena, akainua mkono polepole, akauweka nyuma ya sikio lake.

Kisha vichwa vikainuka, wimbo ukaanza, na kabla haujaisha picha ikaondoka. Wanawake wa Wamaza walikuwa bado wanalia mbele ya kioo cheusi.

Nilimwambia yaya ukweli, nje, chini ya baraza. Hawakusikia. Walifunga.

"Hata mama?"

"Hata mama."

Nilidhani atatukana, mimi nilikuwa tayari nimetukana kimoyomoyo kila mtu wa bara lile. Yeye akafunga kitambaa chake vizuri. "Basi omba namba yake. Nitamulilia kwa telefoni. Yeye atasikia sauti, hata kama haelewi."

Nikamwandikia mwenzetu wa ng'ambo. Jibu lilikuja tukiwa tunakula. Mwenzetu alishukuru sana kwa kuwa pamoja nao. Aliomba radhi, kulikuwa na makelele upande wetu wakati wa kimya, kwa hiyo wakazima sauti, si kitu, hutokea. Makelele. Ndivyo alivyoandika, na neno hilo sikumgeuzia yaya. Kuhusu somo la kura, alisema tutazungumza baadaye kama litaendelea. Kuhusu namba ya mama, alisikitika: familia inaomba iachwe peke yake siku hizi.

"Anasema nini?" yaya akauliza.

"Anasema familia inaomba waachwe peke yao."

"Peke yao namna gani?"

"Watu wasiende. Wasipige simu."

Aliweka tonge chini. "Na yule mama?"

"Naye pia."

"Mutoto wake amekufa," alisema polepole, kama anayetaka kuhakikisha amenielewa, "na wamemuacha ndani ya nyumba peke yake?"

Niliigeuza simu kifudifudi. Mimi, mwenye mdomo! Yaya akasogeza sahani, akavuta kitambaa machoni akaanza kulia tena, chini chini, bila maneno, na wenzake wakamsogelea. Sasa hakumwita Profesa. Nikaosha mikono, nikakaa mkekani pamoja nao, tukamlilia yule mama ambaye alikuwa bado hai.