Disketi Iliyoandikwa Rudo

Maktaba yetu ya michezo ya kompyuta ilikuwa kabati moja la bati katika chuo kidogo mjini Thika, na ufunguo niliuweka mimi. Ilikuwa miaka ya tisini. Rafiki yangu, niliyesoma naye pale, alikuwa amepata kazi ya kupiga chapa Ruiru, kwa hiyo watu wa huko waliomba disketi kwake. Kila mchezo tuliugawa bure, pamoja na maandishi ya programu yenyewe, ili anayetaka aubadilishe kisha aturudishie ulio bora zaidi. Mwenzangu aliishi kwa tumaini hilo. Mimi, kusema kweli, nilipenda tu kuona kabati limepangika.

Sheria zilikuwa zangu, na nilizilinda kama askari wa lango la kiwanda. Mchezo uliobadilishwa uliandikwa jina lake. Disketi iliyorudi kutoka kwa wachezaji bila mabadiliko ilibandikwa karatasi yenye neno RUDI. Hiyo nilikuwa naifuta yote bila kuifungua, nikihofia virusi, kisha naijaza upya. Mwenzangu alisahau nusu ya sheria hizo nami nikamkemea. Nilimtania pia kwa jinsi alivyogeuza kila L kuwa R, hata kwenye kuandika.

“Wewe panga kabati yako, rakini wachana na mdomo yangu,” alikuwa akinijibu, na tunacheka.

Kisha akaugua, akalazwa. Dada yake akaniletea disketi tisa kutoka nyumbani kwao Mugutha, zimefungwa kwa raba. Nilizipitia haraka haraka: RUDI, RUDI, RUDI. Nikazifuta zote na kuzijaza, nikajisifu kwamba nimemaliza kabla ya chakula cha mchana.

Wiki iliyofuata dada alirudi.

“Anauliza kama umeona Rudo yake.”

“Rudo gani?”

“Ile mchezo ya dadu na kete. Ametengeneza yeye mwenyewe. Hata kitandani ni hiyo tu anaongea.”

Ludo. Nilizipekua disketi nikaiona: herufi ya mwisho haikuwa I. Ilikuwa O iliyobanwa ikawa nyembamba kama mstari. Ndani kulikuwa na mchezo wa nyoka niliouweka mimi. Nakala nyingine haikuwepo, maana alikuwa akiiandika kwenye kompyuta ya mwajiri wake saa za mapumziko, na kila siku aliifuta humo asije akafukuzwa. Nililia mbele ya dada yake. Nilimsihi asiseme lolote, nitamwambia mwenyewe.

Nilimkuta hospitalini amekonda hadi nikatafuta pengine pa kutazama. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu yote ya kuomba msamaha. Akaniwahi.

“Uliicheza?”

Nilipaswa kusema wakati huo. Hadi leo najichukia kwa kutosema.

“Niliicheza, buda. Iko poa sana.”

“Nani alishinda?”

“Mimi. Niliipiga hiyo kompyuta yako mara mbili.”

Akanitazama. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

“Sijaandika bado sehemu ya kushinda,” akasema. “Nilikutumia ndio umalizie.”

Nikashika mkono wake, naye akaniachia niushike. Tukaongea habari za mvua hadi muuguzi akaja kuniambia muda umekwisha. Alizikwa Jumamosi iliyofuata.