Habari za Mwezi wa Nne

Harufu ya tumbaku inayokauka hunirudisha Ulyankulu, Aprili ya mwaka 1994, nilipokuwa msichana wa miaka tisa. Bani letu, kijumba cha udongo cha kukaushia tumbaku, halikutaka moto uzimike, kwa hiyo nyumba nzima tulishinda pale: baba akisukuma magogo, Bibi, mama yake, akifunga majani kwenye vijiti, redio ikiwa juu ya kigoda. Betri zikichoka tulizianika juani kama mihogo, zikapata nguvu ya taarifa moja zaidi.

Mwezi ule dunia ilikuwa na mengi ya kusema. Ndege ya marais wa Rwanda na Burundi ilitunguliwa, Rwanda ikaingia kwenye mauaji. Muungano wetu ukatimiza miaka thelathini. Afrika Kusini, watu weusi wakapanga foleni kupiga kura kwa mara ya kwanza. Lakini Bibi, aliyekimbia Burundi akiwa mtu mzima, alijua Kiswahili cha salamu tu. Dunia yake yote ilipita mdomoni mwa baba, naye alitaka habari moja: ya shangazi Speciosa, binti yake aliyeolewa Rwanda. Kila taarifa ikiisha aliuliza kwa Kirundi, "Wanasemaje huko?" Baba, macho yake motoni, alijibu, "Wanasema mvua imenyesha vizuri, Mama." Bibi akasema, "Asante Mungu." Mimi niliyesikia lugha zote mbili nilimwona baba mvivu wa kutafsiri.

Siku moja baba alikwenda kukata kuni. Redio ikataja mji wa shangazi. Jina hilo Bibi alilijua. Akanigeukia. "Wanasemaje?" Nikajivuna, masikini mimi, nikamtafsiria neno kwa neno: watu walikimbilia kanisani, wakauawa humo humo. Bibi hakulia. Alimaliza kufunga kijiti chake, kisha akasema, "Baba yako asijue kwamba umeniambia."

Baba aliporudi, Bibi aliuliza kama kawaida. Mvua imenyesha vizuri, Mama. "Asante Mungu," akasema, sauti ileile, na hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nililia nyuma ya bani, nikasingizia moshi. Habari ya foleni za Afrika Kusini baba aliitafsiri yote, kwa furaha, bila kuacha neno. Bibi alipiga vigelegele ili kumridhisha.

Bibi alikufa baada ya miaka miwili. Baba anaamini mama yake aliondoka bila kujua, na kuhusu mwezi ule hana faraja nyingine. Sijawahi kumwambia.

Sasa ninaishi naye Kanyenye, mjini Tabora. Haoni vizuri, na redio haisikii tena. Habari za vita hunifikia kwenye simu kabla chai haijapoa, wala hatuaniki betri. Jana asubuhi alihisi nimenyamaza mno. "Wanasemaje huko, mwanangu?"

Nikamwambia mvua imenyesha vizuri.

Aligeuza uso wake mlangoni. "Asante Mungu," akasema, kwa sauti ya Bibi.