Msiba Tulioutunga Chapwa

Hadi leo naikumbuka, mwanangu, siku tuliyofunga turubai la msiba pale Chapwa ilhali hapakuwa na maiti. Nilikuwa kijana, naongoza filamu yangu ya kwanza, ile iliyowagombanisha watu wa Tunduma kwa sababu ilimwonyesha mhubiri anayevusha magendo mpakani. Wengine walisema tumelichafua kanisa, wengine wakarudi kuitazama mara tatu. Yaliyotokea nyuma ya kamera hawakuyajua.

Aliyeigiza mke wa mhubiri aliitwa Tusekile. Nilimpenda, naye alijua. Katika filamu anakufa, nami nilitaka waombolezaji wa kweli, maana waigizaji wetu walilia kama watu wanaomenya vitunguu. Basi nikawaficha majirani kwamba ni maigizo. Nikatundika picha ya Tusekile ukutani, nikajibanza na kamera ya kukodi, kinasa sauti tumekifunga kwenye mpini wa fagio. Watu wakaja na unga na kuni, kama ilivyo desturi yetu.

Habari ikafika Ndalambo kwa mama mzazi wa Tusekile. Alasiri akashuka kwenye bodaboda, akajitupa chini, akimwita mwanawe. Tusekile alikuwa ndani anapakwa poda. Akatoka mbio, akamkumbatia. Mimi sikuzima kamera.

"Kaka, hicho kipande ukikate," aliniambia baadaye. "Mama yangu si mwigizaji."

"Nitakikata," nikasema.

Sikukikata. Filamu ikasifiwa kwa kilio kile kile, na Tusekile akakiona kwenye banda la video, katikati ya watu wanaopiga makofi. Hakunigombeza. Alihamia Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akaolewa huko. Ni mwendo wa miguu tu, lakini sikuwahi kwenda kumwomba radhi. Nina hamu hata ya kumsikia akinicheka. Ujana ni moshi, mwanangu, ukienda haurudi.

Miaka ikapita, mama yake akafariki kweli. Nikaenda Ndalambo na mfuko wangu wa unga. Tusekile aliniona, akatazama pembeni. Mzee mmoja wa ukoo wao akaupokea ule mfuko, akaniuliza taratibu, "Leo kamera umeificha wapi?"

Waombolezaji wote wakaitazama mikono yangu. Nikaapa sina. Hakuna aliyeniamini.

Nawe sasa una simu inayorekodi, na unataka kutengeneza filamu. Tengeneza. Ila muungwana ni kitendo: omba ruhusa kabla hujawasha, na ukiahidi kufuta, futa siku hiyo hiyo, mwenyewe akiona. Ukimkosea mtu, mfuate mapema, usingoje msiba uwakutanishe. Mungu akujalie jicho la kuona na haya ya kuliinamisha. Uende salama, mwanangu, na yule umpendaye asikugeuzie kisogo.