Mji Aliouchagua Binti Yangu

Kaka yangu aliniomba nimwachie binti yangu wa kwanza, nami nikakubali kabla chai haijapoa. Tulikuwa tumekaa sebuleni kwake, Kisumu, na mke wake alikuwa ameinama akipanga vikombe mezani kama mtu asiyesikiliza. Nilipaswa kukataa. Ningeweza kukataa kwa upole, nikacheka kidogo, nikasema mama yake mtoto hatakubali. Badala yake nilisema, "Sawa, kaka," nikaongeza sukari.

Ili ubaya wa jibu hilo ueleweke, inanibidi nieleze jinsi tulivyouchagua mji tuliokuwa tunahamia. Sijawahi kuona jambo likifanywa kwa uangalifu kama lile, na sifa zake si zangu.

Miaka ya sitini ilikuwa inakaribia kwisha. Nilikuwa karani wa mizigo bandarini Kisumu. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu magunia na robota za pamba zilizopanda na kushuka melini, na kuandika. Gunia lililokosekana niliandika kando yake "halikuonekana", nikatia sahihi, na safari ikaendelea. Meli haikungoja gunia. Tuliishi watu watano katika chumba kimoja mtaani Nyalenda: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka minane, mvulana wa miaka minne aliyekohoa mwaka mzima, na mtoto wa mgongoni. Maji tulipanga foleni pamoja na nusu ya mtaa. Kwa hiyo mkubwa wangu wa kazi aliponiambia kwamba gati tatu ndogo za ziwani zinahitaji karani, na kwamba ninaweza kuchagua moja, siku hiyo nilirudi nyumbani karibu nikikimbia.

"Tutachagua yenye nyumba nzuri," nilimwambia mke wangu.

"Nyumba mbaya nitaikandika," alisema. "Majirani wabaya nitawafanya nini?"

Yeye alikuwa ameishia darasa la nne, mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, na nilizoea kudhani kwamba tofauti hiyo ina maana fulani. Jumamosi tatu mfululizo tulipanda meli na watoto wote kwenda kuangalia. Kila tuliposhuka mimi nilikwenda kuona nyumba ya karani. Yeye hakuja. Alikwenda kwanza mahali wanawake wanapoteka maji, kisha sokoni.

Mji wa kwanza sitautaja, kwa kuwa watu wake walikuwa wema. Mke wangu alichutama kando ya mwanamke aliyekuwa akifua nguo, wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani, kisha akasema bila kupunguza sauti, "Dada, watoto wa hapa wanakojoa damu?"

Niligeuka nikaangalia vilima. Yule mwanamke alicheka mpaka sabuni ikamponyoka ikazama. "Jamani, huyu daktari ametoka wapi?" aliwauliza wenzake. Halafu akaacha kucheka. "Wangu ni mmoja. Wa huyu hapa ni wawili."

Mke wangu alikunja sketi, akaingia majini kumsaidia kutafuta sabuni, ingawa sasa alijua maji yale yana kichocho. Melini aliniambia, "Watu wazuri sana. Watoto wetu watacheza wapi?"

Mji wa pili pia nauacha bila jina, kwa sababu nyingine. Nyumba ya karani ilikuwa na baraza pana, mabati mapya na tangi la maji ya mvua, nami nilikwisha kujiona nimekaa pale kwenye kiti cha kukunja, nikisoma gazeti. Sokoni mke wangu alinunua omena, dagaa wa ziwani. Muuzaji alijaza kopo, akalisawazisha kwa kiganja, akamimina, akageukia mteja mwingine.

"Mama, umesahau ya juu," mke wangu alimwambia. Hata kule kwetu Nyalenda, palipokuwa na shida zote, hakuna aliyeuza omena bila kutupia konzi moja juu ya kipimo.

"Ya juu ni ya wenyeji," yule mama alijibu.

Nilibishana naye safari nzima. "Utaacha mabati kwa ajili ya omena?"

"Leo ni omena, Baba. Siku mtoto ameshikwa na degedege na wewe uko ghalani, nitabisha mlango wa nani?"

Mji wa tatu ulikuwa Kendu Bay. Nyumba ya karani ilikuwa ya udongo, na pembe moja ilikuwa imeanza kuinama. Kulikuwa na gati, maghala, safu moja ya maduka ya Wahindi yenye baraza ndefu za kivuli, msikiti, soko, na upande wa magharibi mlima Homa, ambao asubuhi huonekana karibu kiasi kwamba unadhani unaweza kuufikia kabla ya uji. Kisimani waliambiana habari zetu kabla hatujafika. Muuza omena alitupia konzi ya juu, kisha akamtazama mtoto mgongoni akatupia nyingine. "Na hii ni ya huyu ambaye hajaota meno. Asiseme tulimnyima."

Lakini aliyemaliza shauri ni binti yetu. Kwenye baraza ya duka moja wasichana watano walikuwa wakicheza mdako, ule mchezo wa kurusha kijiwe juu na kuokota vingine kabla hakijashuka. Alisimama kando, mikono nyuma, kama anavyosimama mtoto mgeni. Msichana mmoja, bila kuinua macho kutoka kwenye mawe, alisogea, akapangusa vumbi sakafuni kwa kiganja, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Hawakumuuliza jina wala ukoo wake. Alikaa.

Meli ilipopiga honi alitujia mbio akiwa na kijiwe mkononi. "Baba, wamesema nirudi! Zamu yangu haijaisha!"

Mke wangu alinitazama. "Umesikia? Mtoto ana zamu hapa."

Jumatatu niliandika barua ya kuomba Kendu Bay, na mkubwa wangu akaikubali wiki hiyohiyo.

Ndipo nilipokwenda kumuaga kaka yangu. Baba yetu alifariki nikiwa mdogo, na kaka ndiye aliyenilea. Yeye na mke wake walikuwa wamekaa miaka mingi bila mtoto. "Shule ya huko sijui ikoje," alisema. "Hapa anaongoza darasa. Mwache amalize la saba." Akatazama ukutani. "Nyumba hii, omera, ndugu yangu, unaiona ilivyo kimya."

Sikudanganywa. Alisema miaka ya shule, na huenda mwenyewe aliamini hivyo. Lakini kwetu, mtoto ukishamkabidhi kwa kaka yako mkubwa, muda hautajwi, na kwenda kumchukua ni sawa na kuutangazia ukoo wote kwamba amelala njaa kwake, au amepigwa, au mke wa kaka ni mtu mbaya. Nilijua kwamba sitakuwa na uso wa kumwomba. Nilijua hayo yote wakati nakoroga chai.

Mke wangu nilimkuta akifunga nguo katika furushi kubwa la shuka. Nilimweleza. Aliendelea kukunja.

"Mji huu nani aliuchagua?" aliuliza.

"Ni miaka michache tu, mama watoto."

"Sikukuuliza miaka."

Kisha akafungua upya mzigo aliokwisha kuufunga, akatoa gauni moja baada ya jingine la binti yetu, akayaweka kitandani peke yake. Binti mwenyewe alikuwa mlangoni. "Na zamu yangu?" aliniuliza.

Nilimwambia itamngoja.

Kendu Bay haikutudanganya kwa lolote. Kikohozi cha mvulana kiliisha kabla ya mvua kuanza. Mke wangu alikandika nyumba pamoja na wanawake wanne ambao hakuwa amewaomba, wakamcheka kwa namna alivyoshika udongo, wakamwita "mama wa Kisumu" mpaka alipowazoea, akaanza yeye kuwacheka. Mwenye duka mmoja, mzee wa Kihindi aliyeongea Dholuo, lugha yetu, kunishinda mimi, hakuwahi kuwaacha watoto wapite bila kipande cha sukari guru. Na siku ile ikafika kweli: mtoto mdogo alishikwa na degedege mchana, mimi nikiwa gatini nahesabu robota. Aliyembeba mpaka zahanati alikuwa muuza omena. Aliacha kopo lake wazi sokoni, na mke wangu akawa anamfuata nyuma akilia. Waliporudi jioni mtoto amepoa, kopo lilikuwa limefunikwa na mtu, na omena haikupungua. Sijawahi kukutana na mtu mwenye elimu aliyeusoma mji sawasawa kama mke wangu alivyousoma ule, kwa kisima, konzi ya omena na nafasi iliyopanguswa vumbi.

Binti yetu alikuja kila likizo. Wasichana wa barazani walikuwa wakimngoja gatini, na kabla sijaushusha mzigo wake alikuwa amekwisha kukaa kwenye mdako. Kisha likizo iliisha, na mimi, karani, nilimwandikia tiketi ya kurudi.

Likizo ya mwaka wa tatu, siku ya kuondoka, hakuonekana. Abiria walikuwa wamepanda, mizigo imefungwa, nahodha amepiga honi mara mbili. Mama yake alisimama gatini amemshika mvulana mkono, na hakuita. Baadaye nilielewa kwamba alijua alipo. Mimi nilikwenda ghalani, nikazunguka robota za pamba, nikamkuta amejibana katikati ya mbili, magoti kidevuni, kijiwe cha mdako mkononi.

"Toka, meli inaondoka."

"Iache iondoke."

"Baba Mkubwa atasema nini?"

Alikuwa ameniona nikifanya kazi tangu akiwa mdogo. Aliitazama orodha niliyoishika, akasema taratibu, kama anayemfundisha mtu kazi yake, "Baba, andika sikuonekana."

Nilicheka. Nasikitika kuandika hivyo, lakini nilicheka, kwa sababu lilikuwa jibu la akili, na nilijivunia akili yake. Kisha nikamshika mkono. Hakuvuta wala hakulia. Alitembea nami mpaka melini akapanda bila kugeuka. Nilitia sahihi orodha yangu: mizigo yote imeonekana.

Hakuomba tena. Likizo zilizofuata alikuja siku chache, halafu Krismasi tu. Kaka yangu na mke wake walimlea vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Alisoma, akawa muuguzi, na hakuna siku alilala njaa katika nyumba ile. Katika barua zake za kwanza kaka alikuwa "Baba Mkubwa". Sikumbuki ni barua ipi iliyoandika "Baba" peke yake, ila nakumbuka ile ambayo mimi nilikuwa "Baba wa Kendu". Mke wangu alinisomea mstari huo mara mbili, akaikunja barua akaiweka chini ya godoro. Hiyo ndiyo iliyokuwa lawama yake yote.

Kaka alipofariki, binti alilia kama mtoto anavyomlilia baba yake, na wanawake walimshika ili asianguke. Nilisimama hatua chache kutoka hapo, na watu walinipa pole ya kufiwa na kaka.

Bado naishi Kendu Bay. Wadogo zake wakija, wanaingia wakiita kutoka nje, wanafunua sufuria, wanauliza nani amekalia kiti chao. Yeye akija huleta sukari na majani ya chai, husimama nje ya mlango ulio wazi, husema "Hodi," na hungoja mpaka nimkaribishe. Ananiita Mzee. Hajawahi kulala zaidi ya usiku mmoja.

Nilihamisha familia yangu kwenda mji mwema kuliko miji yote niliyoijua, na mtoto aliyeuchagua nilimwacha. "Sawa, kaka" ile ilinigharimu binti yangu wa kwanza. Yu hai, ni mzima, ananiheshimu, na si wangu.