Picha Isiyo na Chenga

Rukiyo wa mtaa wa Bula Iftin hakujua kutulia. Ukimkuta amekaa, basi ama anakula ama anaumwa, na hata akila jicho liko kwenye simu. Wala hakuwa akisoma udaku. Alikuwa akisoma maoni ya watu asiowajua kuhusu kamera za aina yake.

Kamera yenyewe ilikuwa ya wanaoanza, ya bei ya chini kabisa kati ya zile za kubadilisha lenzi. Aliinunua kwa mwalimu Kinoti alipohamishwa kurudi kwao Meru. Mtandaoni mmoja kaandika kwamba ngozi inatoka ilivyo na rangi ni tamu. Siku hiyo Rukiyo anatembea kifua mbele. Kesho yake mwingine kaandika kwamba ndani ya nyumba, mwanga ukipungua, picha inajaa chenga kama iliyomwagiwa mchanga, afadhali simu. Basi chai haipiti kooni. Mtu mwenye akili timamu angefunga simu akaendelea na shughuli zake, lakini huyu alirudia kusoma.

Usimcheke kabla hujajua kazi yake. Rukiyo alipiga picha za harusi upande wa wanawake. Huko mwanamume hakanyagi, simu zinakusanywa mlangoni, na mlango ukishafungwa mashungi yanavuliwa, nywele zinaachiwa, buraanbur inaimbwa na kuchezwa mpaka jasho litoke. Shughuli ikiisha, Rukiyo anachomoa kadi ya picha mbele ya watu wote na kumkabidhi mama wa bibi harusi. Yeye habaki na picha hata moja. Miaka minne amepiga maelfu, na hajaziona isipokuwa kwenye kile kioo kidogo nyuma ya kamera, ambapo kila picha ni nzuri. Akiwauliza wenyewe, wanamjibu mashallah, na mashallah hiyo hiyo wanampa mpishi wa pilau.

Ndiyo maana, kwenye harusi ya Ruweyda, mkono ulimponyoka. Kabla ya kuchomoa kadi alihamishia picha moja kwenye simu yake. Ruweyda anacheka, nywele mgongoni, hina mpaka viwiko, mwanga wa pazia shavuni. Ni ya macho yangu tu, alijiambia, nijue kamera yangu ikoje. Miezi minane aliikuza kwa vidole viwili, akahesabu kope, akatafuta chenga. Mara aone zipo, mara asizione. Siku moja alikaribia kuiweka mtandaoni apate maoni ya wale wanaojua, kidole kikakataa.

Sasa Sadia alikuwa anaolewa, na harusi ile ilikuwa kubwa. Atakayeipata, mji mzima utamfuata. Rukiyo akiikosa, atarudi kukaa kwenye duka la unga la kaka yake, na pale alishakaa miaka sita akaapa kutorudi. Mshindani wake alikuwa Wanji, msichana aliyekuja kutoka Nakuru na kamera kubwa, na aliyeeneza mji mzima kwamba ya Rukiyo ni ya kujifunzia.

Mama Sadia alimwita asubuhi, akampa chai ya maziwa ya ngamia na kumwacha anywe nusu.

"Wanji alikuja jana na albamu," alisema. "Watu wa kwao, simjui hata mmoja. Wewe albamu yako iko wapi?"

"Sina, eddo," akajibu, akimwita shangazi kwa heshima. "Picha zangu ziko kwa wenyewe."

Mama Sadia akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu. Lau Rukiyo angemalizia chai yake pale, akaaga! Lakini alishaona kichwa kile ni cha kumkatalia.

"Wanasema kamera yako mwanga ukiwa kidogo inaleta chenga," mama akaongeza, kwa sauti ya kawaida tu.

Neno hilo lilimchoma. Miezi minane alikuwa akigombana nalo peke yake, na sasa anatupiwa kibarazani. Kabla hajafikiri, simu yenye picha ile ilikuwa mkononi mwa Mama Sadia.

Mama akavaa miwani. Akatazama muda mrefu, akaikuza, akaisogeza huku na huku.

"Hakuna chenga," alisema. "Ngozi ni ngozi. Naona hata kidoti chini ya mdomo. Huyu ni Ruweyda, bintiye Hinda."

"Ndiye, eddo," Rukiyo akajibu, uso umemchanua kwa furaha. Ndipo alipokisikia alichokisema.

Mama Sadia akaiweka simu chini, kioo kikitazama mkeka.

"Picha yako inazipita zote za Wanji," alisema bila ukali. "Na nilishakata shauri ni wewe. Nilikuuliza albamu nikitumaini huna, maana asiyebaki na picha za watu ndiye niliyemtaka."

Rukiyo alitoka bila kuaga vizuri. Njiani alifungua simu mara tatu ili aifute picha, na mara tatu akaifunga, kwa sababu kuifuta kimya kimya kulikuwa wizi wa pili. Habari ingefika kwa Ruweyda kabla ya adhuhuri. Akaona afadhali ifikishwe na mdomo wake.

Ruweyda alimfungulia mwenyewe, akicheka, kidoti kile kile chini ya mdomo.

"Abaayo, dada yangu, karibu. Mbona unahema?"

Rukiyo alimweleza yote akiwa bado amesimama, akampa simu aifute picha kwa mkono wake. Ruweyda alijitazama muda. Kicheko kilikuwa kimeshamtoka.

"Sijawahi kupata picha nzuri kama hii," alisema. Akaifuta, akamrudishia simu. "Nani mwingine ameiona?"

Rukiyo akamtajia.