Mpimaji Aliyesugua Chupa kwa Mchanga

Jumanne, tarehe 15 Oktoba 1974, saa moja na robo asubuhi. Mawingu yametanda juu ya Tabora, mvua haijaanguka, na joto limekwisha kukaza. Katika maabara ya kiwanda cha kukamua mafuta ya karanga, Raymundi Lugembe anasuuza chupa tupu kwa mafuta ya taa yaliyochujwa. Anayamimina mafuta hayo kwenye karatasi ya kuchujia, kisha anaiinamia hadubini.

Hamna kitu. Chupa ni safi, lakini uso wake hauonyeshi furaha.

Kazi ya Raymundi, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, ni kuchunguza kwa nini vyuma vya mashine vinalika. Huchota mafuta ya gia na kuyachuja. Akiona chembe za chuma, anajua kwamba chuma kinasagana na chuma. Akiona mchanga, anajua kuna kilichoingia kutoka nje.

Alizaliwa Usinge, akalelewa na mama aliyeitwa Apolinaria. Nyumbani kwao, sufuria isiyosuguliwa kwa majivu na mchanga haikuhesabiwa kuwa imeoshwa. "Mama angekuita kutoka mpirani urudi uanze upya," anasema.

Mwaka huu sabuni ya unga ilipoadimika madukani, Raymundi alichukua majivu na mchanga laini nyuma ya karakana akasugulia chupa zake. Ziling'aa. Kila mgeni alionyeshwa rafu ya chupa hizo.

Mwezi Septemba mashine kubwa ya kukamulia ilikwama. Raymundi alipima mafuta yake, akaona mchanga. Katika mkutano wa wafanyakazi alisimama na kutamka, kwa sauti ya mtu asiyetaka kupingwa: "Mchanga hauwezi kuingia wenyewe ndani ya sanduku la gia lililofungwa."

Hakutaja jina, na hapakuwa na haja. Ufunguo wa ghala la mafuta ya gia ulikuwa kwa mtu mmoja tu, fundi Kurban Nanji, ambaye babu yake aliwauzia nguo wapagazi wa misafara ya Ujiji. Neno hujuma lilisemwa kabla mkutano haujafungwa. Fundi huyo mwenye umri wa miaka hamsini na saba alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo, na mkewe, Nurbanu, akaanza kunyimwa salamu bombani.

Wiki iliyopita mashine ilikwama tena, Kurban akiwa nyumbani. Raymundi alipima, akaona mchanga. Alifungua pipa jipya, akapima mafuta yake, akaona mchanga. Mwishowe alipima chupa isiyo na kitu.

Mchanga ulikuwamo: chembe zilikuwa zimejificha shingoni mwa chupa, katika mikato ya kufungia kifuniko.

"Niliketi sakafuni," anasema. "Nilikuwa nimemhukumu mtu kwa uchafu wa mkono wangu."

Katika chupa safi, mafuta yale yale yalionyesha chembe za chuma tu. Beringi ilikuwa imekaa upande tangu ilipofungwa, nayo ikaila mashine taratibu.

Meneja aliposikia, alifunga mlango. "Tumrudishe kimyakimya, Ndugu Lugembe. Maabara ikichekwa leo, kesho nani ataiamini?"

Raymundi hafichi kwamba ushauri huo ulimpa nafuu, na kwamba nafuu hiyo ndiyo inayomuumiza zaidi. Jumapili, baada ya misa, alikwenda nyumbani kwa fundi kuomba msamaha wa faragha.

"Shikamoo, Mzee Kurban."

"Marahaba. Leo umekuja kupima nini? Chai yetu?"

Raymundi alieleza yote. Nurbanu alisimama mlangoni, birika mkononi, hakumimina.

"Uliyasema wapi yale maneno?" Kurban aliuliza.

"Mkutanoni, mzee."

"Na msamaha unauleta uani, kwenye kuku. Hapana, kijana. Jina langu ulilichukua mbele ya watu. Una deni, na deni hilo halilipwi hapa."

Ndiyo maana leo, saa mbili, mashine zimezimwa. Wafanyakazi wamekusanyika mbele ya ghala, na Kurban amesimama nyuma kabisa, kofia yake ameishika. Meneja anatazama chini.

Raymundi anasema bila karatasi. Anataja mchanga, chupa na mkono uliozisugua. "Mzee Kurban hakufanya hujuma. Nilimsingizia mimi."

"Bwana Maabara leo amejipima mwenyewe," mmoja anatania. Wachache wanacheka.

Mwanajuma, mfungaji wa madebe, hacheki. "Na sisi tuliomgeuzia mkewe mgongo bombani, atatupima nani?" Kicheko kinakatika.

Raymundi anaeleza mpango wake: kuanzia sasa, kila mafuta yatakapopimwa, chupa tupu itapimwa kwanza, na fundi wa mashine atakuwapo akiangalia. Anatumaini maabara haitafungwa. Ikifungwa, anasema, ataondoka bila kulalamika.

Kisha Kurban anapita katikati ya watu, nao wanampisha. Anasimama mbele ya Raymundi.

"Umelipa," anasema, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. "Kazini narudi leo. Lakini nyumbani kwangu usije bado."

"Nimesikia, mzee," anajibu Raymundi.